Usitupe Chenga za Korosho: Makaroni ya Kuoka kwa Jibini na Pesto, Newala Style

Leo sizungumzii salfa wala upuliziaji. Leo tunaingia jikoni. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba naye kaishiwa mada, sasa anafundisha kupika." Nivumilie kidogo. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini mtu wa ugani anakuletea makaroni, na kwa nini ndoo ya chenga iliyoko kwenye kona ya stoo yako ina hela ambayo hukuwahi kuiandika kwenye daftari.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna kikundi cha vijana sita hapa Newala, wanabangua korosho. Walianza kwa mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mashine zao ni za mkono, zile za kukanyaga na kuvuta mpini. Nilipowatembelea mara ya kwanza nikawapa somo zuri tu la madaraja ya korosho. Niliwaambia soko linataka nzima, nyeupe, zisizo na doa. Mmoja akauliza, "Na hizi zilizovunjika, bwana shamba?" Nikajibu bila kufikiri, "Hizo wapeni watoto, au uzeni kwa bei yoyote mpate ya chumvi."

Miezi minne baadaye nikarudi. Marejesho yalikuwa yamewashinda kwa miezi miwili mfululizo, wawili wametaka kujitoa, na mwenyekiti hataki hata kuniangalia usoni. Nikaomba daftari. Binti anayetunza mahesabu yao alikuwa ameandika kila kitu, hadi chenga. Katika raundi moja walibangua kilo 80 za korosho ghafi. Zikatoka kilo 18 za korosho karanga. Katika hizo, nzima zilikuwa kilo 11 na chenga kilo 7.

Piga hesabu na mimi. Kama kilo 80 za ghafi zinatoa kilo 18, basi kilo 7 za chenga zimetoka kwenye kilo 31 za ghafi. Kilo 31! Msimu wa 2018/19, serikali iliponunua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, kilo 31 zingekuwa zaidi ya Sh laki moja. Mimi ndiye niliyewaambia wawape watoto.

Nikawaomba radhi. Nikauliza, "Sasa tufanyeje?" Yule binti wa daftari akacheka kidogo, akasema, "Bwana shamba, kesho usile nyumbani kwako. Njoo hapa mchana nikuoneshe kazi ya chenga."

Kumbe kabla ya kurudi Newala alifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya kitalii Zanzibar, upande wa mashariki ambako wageni wengi ni Wataliano. Chakula alichotupikia siku ile ndicho ninachokuletea leo: makaroni makubwa ya umbo la kombe, yamejazwa jibini laini, yakapakwa pesto, yakaokwa.

Pesto ni nini, na korosho inaingiaje hapo?

Pesto ni mchuzi mzito wa kijani. Asili yake ni Genova, mji wa bandari kaskazini mwa Italia. Jina lenyewe limetokana na neno la Kitaliano la kutwanga, yaani ni "kitu kilichotwangwa". Kwa hiyo usiogope jina. Kama kwenu kuna kinu na mchi, nusu ya kazi unaijua tangu utotoni.

Pesto ya asili ya Genova inatwangwa kwa majani ya mrihani, kitunguu saumu, chumvi, jibini kavu, mafuta ya zeituni na kokwa za msonobari wa kwao. Kokwa hizo ni ghali sana. Sasa sikiliza vizuri: viwanda vingi vinavyotengeneza pesto ya chupa havitumii kokwa za msonobari peke yake, vingine havitumii kabisa. Vinatumia korosho. Ukiingia supermarket Dar, chukua chupa ya pesto, igeuze, soma viungo. Mara nyingi utakuta korosho imeandikwa pale.

Na kiwanda kinachosaga pesto hakina haja ya korosho nzima. Kitu kinakwenda kusagwa! Kinanunua vipande. Yaani ile ndoo uliyoiita uchafu, kwa mtu mwingine ni malighafi.

Tafakari safari yake. Korosho inaanguka hapa Newala, inakwenda mnadani ikiwa ghafi, inapanda meli kwenda India au Vietnam, inabanguliwa huko, vipande vinauzwa Ulaya, vinasagwa na majani, vinatiwa chupani, na chupa inarudi kwenye rafu ya Dar. Kila kituo mtu amekula chake. Sisi tumekula cha kituo cha kwanza tu.

Na si kwamba hatujawahi kujaribu. Wazee wetu wanakumbuka viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa huku kusini enzi zile, vingine kwa mitambo ya Kitaliano na vingine ya Kijapani. Vingi vilikaa kimya kwa miaka mingi, vingine vikageuka maghala. Wenzetu wa pwani ya Kenya nao kiwanda chao cha Kilifi kilikufa miaka ya 1990. Somo ninalolipata mimi ni kwamba mashine peke yake haitoshi. Inabidi ujue mwisho wa korosho yako ni sahani gani. Ukiijua sahani, unajua nani anunue nzima na nani anunue chenga.

Haya, tuingie jikoni.

Mahitaji, watu sita

Makaroni:
- Makaroni makubwa ya umbo la kombe, vipande 24 hadi 28 (kama gramu 250)
- Maji lita 3 na chumvi kijiko kikubwa kimoja na nusu

Jibini laini:
- Maziwa mabichi ya ng'ombe lita 2
- Maji ya limao vijiko vikubwa 4 hadi 5
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Yai 1

Krimu ya korosho:
- Chenga za korosho gramu 150
- Maji ya limao kijiko kikubwa 1, chumvi kidogo

Pesto:
- Majani ya mrihani, viganja vitatu vilivyojaa
- Chenga za korosho gramu 80
- Kitunguu saumu punje 2
- Mafuta ya alizeti nusu kikombe, na kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya ufuta
- Jibini kavu iliyokunwa gramu 50, kama unayo
- Chumvi

Mchuzi wa chini:
- Nyanya mbivu 8, kitunguu maji 1, mafuta vijiko 2, chumvi

Makaroni ya kombe kubwa huku kwetu hayapatikani madukani. Agiza Dar kwa mtu anayepanda basi. Ukikosa usiache kupika, nitakupa njia nyingine hapo chini.

Hatua ya kwanza: krimu ya korosho

Hii anza nayo asubuhi. Chagua chenga vizuri, ondoa zenye utando, zenye madoa meusi na zenye harufu ya kuvunda. Zioshe, zimwagie maji yaliyochemka, funika, ziache saa nne zilainike. Kisha mwaga maji yale, saga kwa blenda au twanga hadi ziwe laini kama uji mzito. Ongeza limao na chumvi. Kama ni nzito mno, tia maji safi kijiko kimoja kimoja.

Krimu hii ndiyo inayofanya kazi ya ile jibini ya kuvutika ambayo wenye pizza wanaiweka juu. Haivutiki, lakini inapata rangi ya dhahabu ikiokwa na ina utamu wake.

Hatua ya pili: jibini laini

Maziwa huku kwetu si mengi kama kanda nyingine, ila Masasi kwa wafugaji unapata. Hakikisha ni ya siku hiyo hiyo. Bandika, koroga taratibu yasishike chini. Yakichemka na kuanza kupanda, epua. Subiri dakika mbili, halafu mimina maji ya limao kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe juu, maji ya kijani-njano chini. Yakigoma kukatika, ongeza limao kijiko kimoja.

Acha dakika kumi. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, ning'iniza nusu saa. Usikamue hadi iwe kavu kama chaki, tunataka jibini yenye unyevu kidogo. Lita 2 zinatoa kati ya gramu 300 na 400 kutegemea maziwa yenyewe.

Yale maji yaliyochujika usimwage. Yana virutubisho. Kandia chapati au pikia uji.

Jibini ikipoa, changanya na yai, chumvi na vijiko vitatu vya pesto. Hapo ndipo tunahamia kwenye kinu.

Hatua ya tatu: pesto

Mrihani ninaousema ni ule wenye majani laini na harufu tamu, ambao kina mama wa pwani wanaupanda uani kwa ajili ya harufu yake. Usiuchanganye na kivumbasi, kile cha kufukuzia mbu. Ni ndugu, lakini kivumbasi ni kikali, kitakuharibia chakula. Mbegu za mrihani wa kula zinauzwa kwa wauza pembejeo; ulizia basil, wanaifahamu kwa jina hilo.

Osha majani, yakaushe kabisa kwa kitambaa. Maji yakibaki kwenye majani, pesto inakuwa majimaji na inaharibika upesi. Twanga kwanza kitunguu saumu na chumvi, kisha chenga, kisha majani kidogo kidogo. Usipige kama unatwanga mahindi. Zungusha mchi, ukiyasaga majani kwenye ukingo wa kinu. Mwisho tia jibini kavu na mafuta taratibu.

Ukitumia blenda, saga kwa vipindi vifupi vifupi. Blenda ikizunguka muda mrefu inapata moto, na moto unayafanya majani yawe meusi.

Kwa nini alizeti na si zeituni? Kwa sababu ya mfuko wako. Na ule ufuta kijiko kimoja ni ladha ya kusini. Usizidishe, ufuta una sauti kubwa, ukizidi utasikika wenyewe tu.

Kama mrihani huna, tumia nusu giligilani na nusu mchicha mchanga uliotumbukizwa kwenye maji ya moto dakika moja na kukamuliwa. Lakini sikia: usitwange kisamvu kibichi. Kuna kijana aliniambia amejiongeza, anataka kutengeneza pesto ya kisamvu. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kisamvu kinatwangwa kisha kinachemshwa sana, ndivyo bibi zetu walivyofanya na walikuwa na sababu.

Hatua ya nne: mchuzi na makaroni

Kaanga kitunguu kilainike, tia nyanya zilizokatwa, chumvi, funika, pika kwa moto mdogo dakika 25 hadi zipondeke. Usitie binzari wala royco. Acha nyanya iwe nyanya.

Chemsha maji, tia chumvi, tia makombe. Yatoe yakiwa bado magumu kidogo, kama dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi. Yataivia kwenye oveni. Ukiyaivisha kabisa sufuriani yatachanika ukiyajaza. Yapange kwenye sinia lililopakwa mafuta, moja moja, yasigandane.

Wa Newala mnajua maji ni nini. Watu wa uwanda wa juu tumekua tunasikia ndoo ya maji ikihesabiwa, na hata sasa kuna vijiji foleni ipo. Kwa hiyo kikombe kimoja cha maji ya makaroni bakiza, ulegezee mchuzi. Yaliyobaki yana chumvi, usimwagilie bustani.

Hatua ya tano: kujaza na kuoka

Tandaza mchuzi wa nyanya chini ya chombo. Jaza kila kombe kijiko kimoja cha jibini, lipange mdomo ukitazama juu. Mwagia krimu ya korosho juu. Funika.

Wenye oveni: nyuzi 180, dakika 25, kisha funua dakika 10 nyingine rangi ije.

Wenye mkaa, yaani wengi wetu: fanya kama unavyooka keki. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini, tumbukiza ndani yake sufuria ndogo yenye makaroni. Funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa, palia mkaa juu. Moto uwe mwingi juu, kidogo chini. Watu wengi wanakosea hapa, wanaweka moto mkali chini, nyanya inaungua kabla ya juu kuiva. Dakika 30 hadi 35 fungua uangalie.

Ikishatoka, ndipo unaweka pesto iliyobaki juu, kijiko kidogo kwa kila kombe. Pesto ya juu isiingie motoni. Ikiingia inageuka nyeusi na harufu yote inakwenda na moshi.

Ukikosa makaroni ya kombe

Pika chapati za maji nyembamba zisizo na sukari. Weka jibini katikati, kunja kama mkeka, panga kwenye mchuzi, endelea kama kawaida. Wataliano wenyewe wana chakula chao cha chapati za maji zilizojazwa jibini na kuokwa, kwa hiyo hukudanganya mtu. Siku ile Newala tulikuwa na makombe ya kutosha watu watatu tu. Waliobaki tulikula za chapati, na hakuna aliyelalamika. Mwenyekiti aliyekuwa hataki kuniangalia alirudia mara mbili.

Sasa turudi kwenye biashara

Hesabu sinia hili moja. Krimu gramu 150, pesto gramu 80. Jumla gramu 230 za chenga. Kwa uwiano wa kile kikundi, hiyo ni sawa na kilo moja ya korosho ghafi. Kilo nzima ya ghafi imeliwa kwenye sinia la watu sita, na hakuna korosho nzima hata moja iliyoguswa.

Nani ananunua chenga? Siku ile baada ya kula tulikaa chini tukaorodhesha:

1. Waokaji wa keki na biskuti. Wao wanakwenda kuzikata hata hivyo.
2. Hoteli na migahawa inayopika pizza na makaroni, Mtwara, Dar na Zanzibar.
3. Wauza aiskrimu na juisi nzito.
4. Wanaotengeneza siagi ya korosho.
5. Majumbani, ukiwauzia unga wa korosho wa kupikia mboga. Hapa hapa kwetu, soko la kila siku.

Lakini chenga ziuze kwa madaraja pia. Unajua zile W240 na W320? W ni nzima nyeupe, na namba ni idadi ya korosho katika ratili moja, yaani kama gramu 454. Namba ikiwa ndogo, korosho ni kubwa. Chenga nazo zina ngazi: zilizopasuka katikati, vipande vikubwa, vipande vidogo, na unga. Aiskrimu inataka vipande vikubwa vinavyoonekana. Pesto haijali. Usichanganye ndoo moja, mnunuzi atakulipa bei ya kile kilicho kidogo kuliko vyote.

Kikundi changu, na sasa nasema changu kwa sababu kosa lilikuwa langu, hakijatajirika. Sitaki kukudanganya. Pesto yenyewe wanatengeneza kwa oda tu, hapa mjini oda si nyingi. Kilichowaokoa ni kwamba wameacha kugawa chenga. Wamepata mwokaji mmoja na migahawa miwili Mtwara wanaochukua vipande kila mwezi. Marejesho yaliyochelewa wamelipa, na wale wawili waliotaka kujitoa wamebaki. Binti wa daftari ndiye anayeongea na wanunuzi, kwa sababu anajua mpishi anataka nini. Akiulizwa, "Zinafaa kwa pesto?" hajibu kwa kubahatisha.

Tahadhari, tafadhali usiruke hapa

*Korosho ghafi haipigwi kwenye kinu.* Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Bangua kwa utaratibu, vaa glavu au pakaa mafuta ya kula na majivu mikononi, na usiwashirikishe watoto.

*Sumukuvu.* Korosho iliyoloa au kukaa stoo yenye unyevu inapata kuvu. Kusaga hakuondoi sumu, kunaificha tu. Chenga iliyobadilika rangi usiifanye pesto. Itupe.

*Salfa na viuatilifu.* Kama mrihani umepanda chini ya mikorosho, usichume majani kipindi cha upuliziaji. Weka bustani mbali, upande ambao upepo hautoki shambani. Mrihani unakua hata kwenye kiroba cha mchanga na samadi: miche ikae sentimita 25 hadi 30, mwagilia asubuhi, kata vichwa vya maua mapema. Baada ya wiki sita hadi nane unaanza kuchuma.

*Pesto haikai kabatini.* Hii ni muhimu kwa wanaotaka kuuza. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kwenye chupa isiyo na hewa na bila friji, ni mahali pazuri kwa bakteria mwenye sumu kali. Sumu hiyo huioni wala huinusi. Pesto ya nyumbani weka kwenye friji, mafuta yafunike juu, imalizwe ndani ya siku nne au tano. Au igandishe kwenye friza. Ukitaka kuuza ya chupa ya kukaa dukani, hiyo ni kazi nyingine kabisa: nenda SIDO Mtwara wakupe mafunzo na wakuelekeze TBS. Tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS. Usianze kwa kubandika lebo tu.

*Mzio.* Wapo watu wakila korosho wanavimba na kukosa pumzi. Kila unachouza andika kina korosho.

*Kangomba.* Kijana asije akasoma hapa akaenda kununua korosho ghafi kwa jirani kwa mabakuli. Msimu ukifunguliwa ghafi inapita kwenye AMCOS na stakabadhi ghalani. Kama unataka kubangua, pita kwanza AMCOS yako na Bodi ya Korosho uulize utaratibu wa wabanguaji wadogo. Usije ukapoteza mtaji kwa kitu ambacho ungekiuliza bure.

Kazi ya wiki hii

Nenda stoo. Pima chenga zako, usikadirie kwa macho. Andika kilo. Kisha zidisha mara nne na nusu, upate kilo za ghafi zilizozaa chenga hizo. Zidisha kwa bei uliyouzia mnada wa mwisho. Namba utakayoipata iandike ukutani, iangalie kila ukiamka.

Halafu Jumapili pika hili sinia. Kama uko Newala, lichukue ukakae pale Shimo la Mungu na wenzako, upepo unapiga, bonde la Ruvuma liko chini yenu, mle mkiongea biashara. Usiwaambie kwanza kuna nini ndani. Waache wale, wasifie, kisha waoneshe ndoo ya chenga.

Mimi nilioneshwa hivyo hivyo, na tangu siku ile nikiingia kwenye kikundi cha wabanguaji naanza kuuliza chenga ziko wapi.

Kazi njema, na Mungu abariki mashamba yenu. Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye ubwiriunga na ratiba ya salfa.